Mama Beijing: Binti wa Ukerewe Aliyesimama Mbele ya Mataifa

Akina mama wa Igogo, jijini Mwanza, wanakijua vizuri Kisiwa cha Ukerewe. Meli za Nansio hutoka mjini kwao, na wengi wana ndugu huko. Huko ndiko alikozaliwa Getrude Mongella mwaka 1945, mwanamke ambaye Watanzania wamezoea kumwita Mama Beijing.

Jina hilo limeleta maneno mengi nyumbani. Baada ya 1995, mke aliyeomba kujua matumizi ya fedha za nyumba aliweza kuambiwa, "Umeniletea Beijing!" Wapo akina mama Wakristo walioogopa hata kulitaja, wasije wakaonekana wanawadharau waume zao. Ni vizuri basi tujue mama huyu alifanya kazi gani.

Ualimu kwanza

Akiwa bado binti mdogo, Getrude alikiacha kisiwa na kwenda Morogoro kusoma katika shule ya masista wa Maryknoll. Wakati huo wazazi wengi hawakuona faida ya kumpeleka msichana mbali namna hiyo. Mwaka 1970 alihitimu chuo kikuu Dar es Salaam, akafundisha katika Chuo cha Ualimu Chang'ombe. Miaka ya 1980 alikuwa Mbunge na Waziri. Kwa muda aliongoza Wizara ya Ardhi, Maliasili na Utalii. Baadaye aliiwakilisha nchi yetu India akiwa Balozi.

Kazi ya kupatanisha maneno

Kisha Umoja wa Mataifa ulimfanya Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake, uliofanyika Beijing, China, tarehe 4 hadi 15 Septemba 1995. Kazi hiyo haikuwa ya kusoma hotuba tu. Katika mikutano ya namna hiyo, maneno ambayo serikali hazijakubaliana huandikwa ndani ya mabano, na watu hukesha wakijadiliana mpaka mabano yaondolewe. Mwishoni nchi 189 zilikubaliana juu ya mambo 12, yakiwemo umaskini, elimu, afya, ukatili na mtoto wa kike.

Si kila Mkristo aliyekubali kila neno. Ujumbe wa Vatikani, kwa mfano, uliandikisha wazi mambo ambayo haukuafiki. Lakini msomaji mpenzi, je, kumsomesha binti ni kumdharau baba yake? Kukataa mke apigwe ni kuvunja ndoa? Anayeivunja ni yule anayepiga.

Mama Mongella hakuishia hapo. Alirudi kuwa Mbunge wa Ukerewe, na Machi 2004 alichaguliwa kuwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika.

Nasi je?

Tunapenda kusoma Mithali 31 juu ya mke mwema anayeamka mapema na kuwalisha watu wa nyumbani mwake. Mara nyingi tunaruka mwanzo wa sura hiyo. Pale mama wa Mfalme Lemueli anamfundisha mwanawe kuwasemea wasioweza kujisemea na kuwatetea maskini. Mafundisho hayo ya uongozi yanatoka kinywani mwa mama.

Wengi wetu hatutahutubia mataifa. Lakini kwenye milima ya mawe kama Igogo, mvua ikinyesha, maji machafu ya jirani wa juu hushuka hadi mlangoni kwa jirani wa chini. Anayeugua kwanza ni mtoto, na anayekesha naye ni mama. Jambo hili huzungumzwa katika mkutano wa mtaa. Usimwachie baba peke yake.

Kabla ya kwenda, zungumza na mumeo nyumbani, kwa upole, ili ajue utasema nini na kwa nini. Zungumza na wenzako wa jumuiya au wa kikundi cha kuweka na kukopa, msimame pamoja. Kisha sema kwa ufupi na kwa ukweli, bila matusi. Na binti yako akiwa karibu, mruhusu akusikie. Mungu anaweza kumtumia kesho mahali ambapo wewe hutafika.