Je, Wajua? Bonge, Paka wa Endulen

Koko mmoja jirani yangu (koko ndivyo tunavyowaita bibi huku Endulen, Ngorongoro) aliinama, akampapasa paka wangu tumboni, akaniuliza atazaa lini. "Koko, huyu ni dume," nikamwambia. Alicheka mpaka akaegemea fimbo. Jioni hiyo nikaazima mizani ya maharage dukani, nikamtia paka ndani ya ndoo. Ukitoa uzito wa ndoo, kilo sita na robo. Anaitwa Bonge. Jina tulimpa kwa utani alipokuwa mtoto, mwembamba kama ukuni.

Je, wajua kwamba paka wengi wa kufugwa wenye umbo la wastani huwa kati ya kilo tatu na nusu na tano? Kilo moja ya ziada kwao si kama kilo moja kwako. Ni moja ya tano ya mwili mzima.

Je, wajua unaweza kumpima paka kwa mkono wako mwenyewe? Kunja ngumi, upitishe vidole vya mkono wa pili juu ya vifundo. Mbavu za paka wako zikikwaruza hivyo, amekonda. Sasa kunjua kiganja na upapase mgongo wa mkono: mifupa unaisikia, lakini ina kiblanketi chembamba juu yake. Hapo ndipo panapotakiwa. Geuza mkono, bonyeza upande wa kiganja penye nyama chini ya kidole gumba. Kama mbavu zake zimezama hivyo, una Bonge nyumbani.

Usidanganywe na ile ngozi inayoning'inia chini ya tumbo na kuyumba akikimbia. Paka wembamba nao wanayo, simba pia wanayo. Wala usidanganywe na tumbo kubwa peke yake: kama tumbo limevimba huku uti wa mgongo umechongoka, hiyo huenda ni minyoo. Na kama ni jike, basi swali la koko lilikuwa halali. Mimba ya paka huchukua siku kama 63 hadi 65.

Je, wajua kikombe cha robo lita cha maziwa ya ng'ombe kina kalori zipatazo 160? Paka wa kilo nne anahitaji kama 200 tu kwa siku nzima. Panya mmoja mdogo wa nyumbani ana kalori 30 hivi. Maana yake, anayenywa kikombe kile amekula panya watano bila kuinua mguu. Na hayo ni maziwa ya kawaida. Ya ng'ombe wetu wa kienyeji, wenye nundu, huwa na mafuta zaidi kuliko ya ng'ombe wa kisasa.

Na huku maziwa hayakosekani. Ng'ombe wakirudi jioni Bonge alikuwa ameshaketi kando ya ndama, wote wawili wakingoja zamu. Paka wengi wakishaachishwa kunyonya, matumbo yao hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, ndiyo maana baadhi huharisha. Wa kwangu hakuharisha hata siku moja, akanenepa tu. Nilijaribu kumbadilishia mtindi wa kibuyu. Mtindi una sukari hiyo kidogo zaidi, lakini mafuta yako palepale. Kwa paka, maji yanatosha.

Je, wajua paka hausikii utamu? Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba jeni moja inayohitajika kutengeneza kionjo cha sukari imeharibika kwa paka, kuanzia wa jikoni hadi duma. Kwa hiyo paka anayekulilia uonje naye chai hataki sukari yako. Anafuata maziwa yaliyomo.

Je, wajua paka mmoja anaweza kuwa na nyumba nne? Nilimfuata wangu siku ya Jumamosi kama askari kanzu. Saa moja asubuhi alikula kwangu. Saa tatu alikuwa kwa koko, akalambishwa sufuria ya loshoro, chakula cha mahindi na maziwa. Saa saba kwa mwalimu, mapafu ya mbuzi. Saa tisa dukani, dagaa. Saa kumi na mbili zizini. Kila nyumba ilimpa kidogo, na kila nyumba iliamini kwamba paka huyu ana njaa kwa sababu mwenyewe hamjali. Nilionekana mtu mbaya mtaa mzima.

Wakati huohuo, kazi yake ilikuwa imelala. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro hatulimi, sheria hairuhusu. Mahindi hupandishwa na magari kutoka Karatu, na gunia likikaa wiki mbili panya wanalijua kwa jina. Nilikuta gunia langu limetobolewa pembeni, unga wa mahindi umemwagika kama mchanga. Bonge alikuwa juu ya gunia lilelile, amelala.

Je, wajua Waswahili walishaandikiwa habari za paka aliyeachiwa akala bila kipimo? Mwaka 1870 mmisionari Edward Steere alichapisha hadithi alizokusanya Unguja, na mojawapo ni ya Sultani Majnuni. Paka wa sultani anakamata ndama, watu wanashtaki, sultani anamtetea, kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Anaenda kwa mbuzi, kwa ng'ombe, kwa punda, kila safari jibu ni hilohilo. Mwisho anakula watu, wakiwamo watoto wa sultani mwenyewe, ndipo baba anakubali kwamba huyu si paka tena, ni nunda. Wengi hukumbuka ushujaa wa mtoto wa mwisho aliyemuua. Mimi siku hizi namkumbuka sultani, maana nami nilikuwa na jibu langu: "Ana mifupa mikubwa tu."

Je, wajua kumfungisha paka bonge kunaweza kumuua? Hapa sina mzaha. Mbuzi ukimnyima malisho siku mbili atakulalamikia, lakini paka mnene asipokula siku mbili au tatu, mafuta ya mwilini huhamia kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyasindika. Ini hujaa, hushindwa. Utaona umanjano ndani ya masikio na kwenye ufizi. Akifika hapo si suala la kungoja, ni la daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Ndiyo maana mwendo salama ni wa kobe. Apungue kati ya nusu na mbili katika kila mia ya uzito wake kwa wiki. Kwa Bonge, moja katika mia ni gramu 62, yaani yai moja la kuku. Ili atoke kilo sita na robo hadi nne na robo tatu, ni mayai kama ishirini na manne, miezi sita karibu. Ukianza masika, utamaliza vumbi likiwa limeshatanda.

Je, wajua paka hawezi kuishi kwa ugali? Mate yake, tofauti na yetu, hayana kile kimeng'enyo kinachoanza kusaga wanga mdomoni. Zaidi ya hapo anahitaji taurini, ambayo mwili wake hautengenezi ya kutosha. Akiikosa muda mrefu huharibika macho, na tangu mwaka 1987 inajulikana kwamba moyo nao hutanuka na kuchoka. Taurini iko kwenye nyama, na moyo wa ng'ombe unayo tele. Lakini huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ukichemsha moyo na kumwaga supu umemwaga dawa. Mimi hukatakata vipande vidogo kama ukucha na kumrudishia supu yake. Supu hiyo isiwe na chumvi, na hasa isiwe na kitunguu. Kitunguu cha Mang'ola ni sifa ya Karatu nzima, hakuna anayebisha, ila kwa paka ni sumu inayovunja chembe nyekundu za damu.

Je, wajua paka aliyehasiwa huhitaji chakula pungufu, mara nyingi kwa robo hivi, na wakati huohuo hamu yake ya kula huongezeka? Si sababu ya kuacha kuhasi. Huku porini kuna paka pori, na uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa paka wote wa kufugwa duniani wametokana na paka pori wa jamii hiyo kutoka Mashariki ya Karibu. Ni ndugu wa karibu kiasi cha kuzaa pamoja, na dume asiyehasiwa anayezurura usiku huchanganya damu ambayo hifadhi ingependa ibaki safi. Hasi, kisha punguza sahani.

Je, wajua jirani yetu mondo hukosa windo karibu nusu ya miruko yake? Utafiti uliofanywa kwenye kreta ya Ngorongoro na kuchapishwa mwaka 1985 ndio uliohesabu, na nusu hiyo ni rekodi ambayo simba angeionea wivu. Mondo hula panya mmoja mmoja siku nzima, na kila panya anamgharimu mruko. Paka wako tumboni amejengwa hivyohivyo: milo midogo, mingi. Simba ndiye anayekula zaidi ya kilo 30 kwa mkao mmoja na kulala. Usimwige simba kwenye sahani ya paka.

Nilichukua chupa ya maji ya nusu lita, nikaitoboa matundu matatu kwa msumari wa moto, nikatia dagaa waliooshwa chumvi na kukatwa. Akiisukuma, kipande kinadondoka. Siku ya kwanza aliitazama chupa, akanitazama mimi, akaenda kwa koko. Siku ya nne niliamshwa saa kumi alfajiri na chupa ikigonga ukuta.

Je, wajua paka mnene hafiki mgongoni kwake? Tazama manyoya juu ya kiuno, karibu na mkia. Yakishikana na kuwa na mba, ujue ulimi haufiki. Viroboto nao hulijua eneo hilo, na hapo ndipo kosa baya la wafugaji hutokea: mtu anachota tone la dawa ya josho la ng'ombe na kumpaka. Nyingi ya dawa hizo zina kemikali ambazo ini la paka haliwezi kuziondoa, na paka hutetemeka mpaka afe. Panadol ni hivyohivyo, kidonge kimoja kinatosha kuua. Mchane kwa kitana chembamba, umsubiri apungue.

Paka mnene pia yuko katika hatari ya kisukari hadi mara nne ya mwenzake mwembamba. Akianza kunywa maji na kukojoa kupita kawaida, mpeleke apimwe.

Nyumba nne, nilizitatua kwa shanga. Binti wa koko alimshonea Bonge mkufu mwekundu, kwa uzi dhaifu unaokatika akinasa kwenye miiba, na mtaa mzima ukaambiwa: ukimwona na mkufu, ameshakula. Mwalimu alikubali. Kijana wa dukani alikubali. Koko alisema amesikia.

Kipimo cha mkufu ni vidole viwili vipite kati yake na shingo. Juzi vilipita vitatu. Binti wa koko ameukata, ametoa shanga nne, na mama yake amezidai.