Nova kibete

Nova kibete ni ongezeko la ghafla la mwangaza katika mfumo wa nyota maradufu ambamo nyota kibete nyeupe inavuta gesi kutoka nyota mwenzake. Katika nova ya kawaida, hidrojeni iliyorundikana juu ya nyota kibete hulipuka kwa myeyungano wa nyuklia. Katika nova kibete nyota yenyewe hailipuki. Gesi inayovutwa huizunguka kwanza kama diski na kujaa humo, hadi jotoridi linapotosha kuondoa elektroni kwenye atomi za hidrojeni. Hapo msuguano unaongezeka, diski yote inang'aa, na gesi inamwagika kwa wingi juu ya nyota kibete.

Mfano mashuhuri ni SS Cygni katika kundinyota la Dajaja, iliyotambuliwa na Louisa Wells wa Harvard, Marekani, mwaka 1896. Kwa kawaida mwangaza wake ni mag 12; takriban kila baada ya wiki saba hupanda hadi mag 8, yaani mara 40 hivi. Wakati huo darubini ndogo ya macho mawili inatosha. Kutoka Sepuka, mkoani Singida, katikati ya Oktoba mnamo saa tatu usiku hupita upande wa kaskazini, takriban nyuzi 41 juu ya upeo wa macho.

Nuru hiyo ni sehemu tu ya habari. Katika mlipuko wa mwaka 1996 eksirei ziliongezeka takriban siku moja baada ya nuru ya kawaida, kisha zikafifia ghafla na urujuanimno ukapanda: gesi karibu na nyota kibete ilikuwa imekuwa nzito mno.

Eksirei hazipenyi angahewa, hivyo hupimwa kutoka angani. Satelaiti ya kwanza kwa kazi hiyo, Uhuru, ilirushwa karibu na Malindi, Kenya, tarehe 12 Desemba 1970. Chanzo kimoja katika orodha yake kilitambuliwa baadaye kuwa AM Herculis, nyota kibete yenye usumaku mkali unaozuia diski kujengeka.

Umbali wa SS Cygni ulileta ubishi. Darubini ya Hubble ilitoa miaka ya nuru zaidi ya 500. Kama ni kweli, nadharia ya diski ilikuwa na kasoro. Mawimbi ya redio yangeamua, lakini hutoka wakati wa mlipuko tu. Watazamaji wa ridhaa walikesha na kutoa taarifa kila nyota ilipopanda. Tokeo la mwaka 2013 lilikuwa miaka ya nuru 370 hivi, na nadharia ikabaki.