Majina ya Watoto Kando ya Barabara

Mwezi huu tunawachukua hadi Derbyshire, katikati ya Uingereza, kwenye kijiji kiitwacho Eyam. Wenyeji hulitamka jina hilo "Iim". Ni kijiji cha vilimani, chenye nyumba za mawe ya kijivu zilizopangana kando ya barabara. Mgeni akipita upesi ataona maua na mapazia ya madirishani, basi. Akipunguza mwendo ataona vibao vya kijani mbele ya nyumba kadhaa, na katika vibao hivyo mna majina ya watu waliokufa, wengi wao watoto.

Tuanzie kwenye nyumba ndogo karibu na kanisa. Mwaka 1665 aliishi humo Mary pamoja na wanawe wawili wa ndoa ya kwanza, Edward na Jonathan Cooper, na mume wake mpya, mshonaji Alexander Hadfield. Pia walikuwa na kijana wa kazi, George Viccars. Husimuliwa kwamba vitambaa vililetwa kutoka London vikiwa na unyevu, na George akavianika mbele ya moto. Ndani yake mlikuwa na viroboto. Tarehe 7 Septemba George alikufa kwa tauni. Edward, mwenye miaka minne, alifuata tarehe 22, na Jonathan, wa miaka 12, tarehe 2 Oktoba. Mume alikufa Agosti ya mwaka uliofuata. Mary peke yake alibaki hai, akiwa amepoteza jamaa 13.

Jirani yake ni nyumba ya akina Thorpe. Walikuwa tisa. Wote walikufa.

Kanisa la Mtakatifu Lawrence limesimama hapo hapo. Uani pana msalaba wa mawe wenye umri wa zaidi ya miaka 1,000, na juu ya mlango ukutani kuna saa ya jua ya mwaka 1775, nzuri sana kuitazama. Lakini wageni wengi huja kwa ajili ya kaburi la Catherine Mompesson, mke wa kasisi.

Mumewe, William, alikuwa kasisi kijana na mgeni kijijini. Watu walimpenda zaidi Thomas Stanley, mchungaji wa zamani aliyeondolewa mwaka 1662 kwa sababu ya misimamo yake ya dini. Wawili hawa hawakuwa upande mmoja, lakini Juni 1666 walisimama pamoja mbele ya watu wakawaomba jambo zito: mtu yeyote asitoke kijijini, tauni isije ikasambaa katika vijiji vya jirani. Kanisa lilifungwa na ibada ikafanyika bondeni, kila familia ikisimama mbali na nyingine. Kila nyumba ilizika watu wake yenyewe. Chakula kililetwa mpakani, na fedha zikaachwa katika matundu ya jiwe yaliyotiwa siki. Jiwe hilo lipo hadi leo. Kwa maoni yetu, Stanley angestahili kukumbukwa zaidi kuliko anavyokumbukwa.

Kabla ya hapo Catherine alimsihi mumewe waondoke na watoto wao wawili. Mume alikataa kuacha kundi lake, akataka mama na watoto waende. Mwishowe watoto walipelekwa Yorkshire, na Catherine akabaki. Husemekana kwamba jioni moja ya Agosti, wakitembea pamoja, alisema hewa inanukia utamu. Siku zile harufu hiyo ilihesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa. Alikufa tarehe 25 Agosti 1666, akiwa na miaka 27. Siku chache baadaye baba aliketi akawaandikia watoto barua ya kuwaarifu. Wengi wetu tumewahi kutafuta maneno ya kumwambia mtoto habari ya namna hiyo, nasi tunajua hayapatikani kirahisi.

Mbele kidogo barabarani kuna jumba kubwa la Eyam Hall, lililojengwa baada ya tauni, na karibu yake mkatale wa kufungia miguu ya wahalifu. Watoto hupenda kupiga picha hapo. Tusikawie.

Nje ya kijiji, kondeni, kuna makaburi saba yaliyozungushiwa ukuta. Ndipo walipozikwa akina Hancock. Kati ya tarehe 3 na 10 Agosti 1666, Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita. Hapakuwa na mtu wa kumsaidia. Alichimba na kuwaburuta mwenyewe.

Watu wapatao 260 walikufa hadi Novemba ya mwaka ule. Je, uamuzi wa kufunga kijiji ulikuwa sawa? Vijiji vya jirani vilinusurika. Lakini utafiti wa mwaka 2016 umeonyesha kwamba tauni ile haikuletwa na viroboto wa panya peke yao. Iliambukizwa sana kutoka kwa mtu hadi mtu, hasa nyumbani. Basi mama aliyebaki kuuguza alijua hatari, au aliihisi, na hakuondoka kitandani pa mwanawe. Tuliofungiwa ndani mwaka 2020 tunaelewa kidogo.

Kila Jumapili ya mwisho ya Agosti wanakijiji huandamana hadi bondeni kwa ibada, na shada la maua huwekwa juu ya kaburi la Catherine. Zile nyumba zenye vibao bado zina wenyewe. Watu wanapika humo, wanafua, wanalaza watoto.