Majina Mawili Yaliyopotea: Somo la Kompyuta Kutoka Endagikot

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, tulikaa watu watatu tumeizunguka kompyuta ya mkononi nyumbani kwa dada yangu huko Endagikot, wilayani Mbulu. Baridi ya nyanda za juu ilikuwa imetufanya tujifunike mashuka. Mpwa wangu, binti aliyemaliza kidato cha sita na anayejifunza programu kwa juhudi zake mwenyewe, alikuwa ametengeneza daftari la kompyuta la yatima wanaohudumiwa na akina mama wa msikiti. Kesho yake ilikuwa siku ya kugawa sare na vifaa vya shule, na orodha ilikuwa tayari kuchapishwa.

Bibi mweka hazina, ambaye kwa miaka mingi ameyaandika majina hayo kwa kalamu, alifungua daftari lake la karatasi akahesabu kwa kidole.

"Mjukuu wangu, mimi ninao 43. Wewe umeniambia 41."

"Bibi, mashine haikosei kuhesabu."

"Huenda haikosei. Lakini Sa'ad yuko wapi? Na Rabi'a yuko wapi?"

Hawakuwamo. Binti aliapa kwamba aliwaandika wote kwa mkono wake, na kwamba kompyuta haikutoa neno lolote la malalamiko. Alikuwa akisema kweli. Hata hivyo, lau si daftari la bibi, watoto wawili wangerudi nyumbani mikono mitupu, na kila mtu angeamini kuwa wao ndio hawakuandikishwa.

Ndugu msomaji, vijana wetu wengi siku hizi wanajifunza kutengeneza tovuti na hifadhidata, na misikiti, madrasa na vikundi vya akina mama vinaanza kuwakabidhi kumbukumbu zao. Ni jambo la kheri. Lakini makosa ya anayeanza hujirudia karibu yale yale, na mengi yanatibika kwa urahisi endapo mtu ataonyeshwa mapema.

Alama ndogo, hasara kubwa

Tazama majina hayo mawili: Sa'ad na Rabi'a. Yote yana alama ya ritifaa. Katika lugha ya SQL, ambayo ndiyo hutumika kuiamuru hifadhidata, maneno ya kawaida huzungushiwa alama hiyo hiyo mwanzoni na mwishoni, ili mashine ijue jina linaanzia wapi na linaishia wapi. Basi programu ya binti ilipoandika 'Sa'ad', mashine ilisoma "Sa", ikaona alama, ikadhani jina limekwisha. Herufi mbili zilizobaki hazikuwa na maana kwake, ikaikataa amri nzima.

Kwa nini haikulalamika? Kompyuta ile ilikuwa ya mtumba, na lugha ya PHP iliyomo ilikuwa ya toleo la zamani. Katika matoleo yaliyotangulia 8.1, lililotoka Novemba 2021, njia aliyotumia binti ya kuzungumza na hifadhidata ilinyamaza kimya amri ilipokataliwa, isipokuwa mwandishi wa programu ameiamuru iseme. Kwa hiyo somo la kwanza ni hili: iamuru programu yako itangaze kila kosa unapokuwa bado unaijenga. Kosa linalopiga kelele ni afadhali kuliko linalonyamaza.

Somo la pili ni tiba yenyewe. Usilibandike jina la mtu ndani ya amri. Andika amri kwanza, ukiweka alama ya kuuliza mahali pa jina, kisha ulikabidhi jina kwa mashine peke yake. Hapo mashine hailichanganyi jina na amri, hata liwe na ritifaa kumi. Njia hii huzuia pia hatari kubwa zaidi: mtu mwenye nia mbaya kuandika amri yake katika nafasi ya jina na kuiba au kufuta kumbukumbu. Udhaifu huo umejulikana hadharani tangu 1998, lakini hadi leo wanaoanza huingia katika shimo hilo hilo.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuwa macho, kwani ritifaa imo katika ng'ombe na ng'ambo, na imo katika majina yetu mengi yenye asili ya Kiarabu. Watu wa Mbulu wana sababu nyingine tena. Kiiraqw kina sauti ya ayn na sauti ya ha nzito, zile zile ambazo watoto wetu huhangaika nazo madrasa. Katika maandishi ya Kiiraqw, ayn huandikwa kwa alama ya mkwaju, na hamza kwa ritifaa. Mkwaju ndio alama ambayo kompyuta huitumia kutenganisha folda na folda. Anayehifadhi picha ya mtoto kwa faili lenye jina la mtoto mwenyewe atashangaa kuona faili halipatikani. Mpe kila mtoto namba yake, na faili liitwe kwa namba hiyo. Namba hiyo itakusaidia pia siku utakapokuwa na akina Fatuma Juma watatu katika orodha moja.

Simu za watu wote zafanana

Tulipoendelea kukagua, tukakuta jambo la pili. Walezi kadhaa walikuwa na nambari moja ya simu: 2147483647. Hakuna mtu Tanzania mwenye nambari hiyo. Ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kuingia katika safu ya namba nzima za kawaida katika MySQL. Binti alikuwa ameiandaa safu ya simu kupokea namba, kisha akaingiza nambari zinazoanza na 255. Hizo zina tarakimu 12, hazienei, na mashine isiyowekewa masharti makali huandika namba kubwa kuliko zote iliyo nayo kisha ikaendelea na safari. Walioandikwa kwa kuanzia sifuri nao walipoteza sifuri yao, maana katika hesabu sifuri ya mbele haina thamani.

Kanuni ni nyepesi: kitu usichokijumlisha wala kukitoa, usikihifadhi kama namba. Simu ni maandishi. Namba ya kitambulisho ni maandishi pia. Lakini fedha ni namba, tena ihifadhiwe kwa shilingi kamili au kwa aina ya desimali isiyokadiria. Zipo aina za namba zinazokadiria, ambazo ndani yake 0.1 ukijumlisha na 0.2 haipatikani 0.3 kamili. Kwa mahesabu ya zaka na michango, makadirio hayo hayafai.

Tarehe nazo zina mtego. Sisi tukiandika 05/04/2024 tunakusudia tarehe tano Aprili, na Mmarekani anasoma tarehe nne Mei. Hifadhidata hutaka mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2024-04-05. Wala usihifadhi umri wa mtoto, kwani mwakani utakuwa si kweli. Hifadhi tarehe ya kuzaliwa, umri uhesabiwe na mashine.

Wanaoandika majina ya watoto au ya sura kwa herufi za Kiarabu hukuta mara nyingine alama za kuuliza zimejipanga badala ya herufi. Sababu ni kwamba jedwali liliundwa kwa mfumo wa herufi za Kizungu pekee. Chagua mfumo uitwao utf8mb4 tangu siku ya kwanza, kwenye jedwali, kwenye muunganisho na kwenye ukurasa wenyewe. Herufi ikishahifadhiwa kama alama ya kuuliza, hairudi tena.

Kabla ya kuilaumu mashine

Yapo pia matatizo ya mlangoni, yanayowakatisha tamaa wengi hata kabla hawajaanza. Kijana hulibonyeza faili la PHP mara mbili, akaona msimbo wake mtupu badala ya ukurasa. Faili hilo halifunguliwi hivyo, hupitishwa kwenye seva iliyo ndani ya kompyuta yake, kwa kuandika localhost kwenye kivinjari. Mwingine huambiwa muunganisho umekataliwa, naye hajaiwasha hifadhidata, au mlango wake wa kawaida, 3306, umeshikwa na programu nyingine.

Mwingine hunakili somo la zamani lenye amri ya mysql_connect, akajibiwa kwamba amri hiyo haipo. Ni kweli haipo, kwani iliondolewa katika PHP 7 iliyotoka Desemba 2015. Tazama tarehe ya somo kabla ya kulifuata. Na mwingine tovuti yake hufanya kazi vizuri nyumbani, lakini akiipandisha kwenye seva ya kukodi, picha hazionekani. Windows haitofautishi Picha na picha, ilhali Linux, inayotumika kwenye seva nyingi, huyahesabu kuwa majina mawili mbalimbali.

Katika yote hayo, utaratibu ni mmoja. Soma ujumbe wa kosa mpaka mwisho, hata kama Kiingereza kinakupa taabu. Tazama mstari uliotajwa, kisha mstari ulio juu yake, maana nukta-mkato iliyosahauliwa huonekana kama kosa la mstari unaofuata. Badilisha jambo moja tu, ujaribu, ndipo uende jingine. Anayebadilisha mambo matano kwa mpigo, hata akipona hajui ni dawa ipi iliyomponya.

Amri moja inayofuta daftari zima

Nililomsisitizia mpwa wangu kuliko yote ni amri za kubadilisha na za kufuta. Ukiiambia hifadhidata ifute bila kutaja sharti la nani afutwe, itafuta kila mtu, wala haitakuuliza mara mbili. Kwa hiyo andika kwanza amri ya kuonyesha ukitumia sharti lile lile, uone ni nani watakaoguswa. Ukiridhika, ndipo uigeuze iwe ya kufuta.

Na weka nakala. Nakala iliyo kwenye kompyuta ile ile haihesabiwi, kwa kuwa ikiibwa au ikiungua vyote vimekwenda. Iwepo moja kwenye kifaa kinachokaa nyumba nyingine, na mara moja moja ijaribiwe kama inafunguka.

Jambo la mwisho ni siri za watu. Jina la yatima, simu ya mjane na kiasi cha msaada anachopokea si habari za kutembezwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeweka wajibu kwa wanaokusanya taarifa za watu hapa nchini. Lakini hata kabla ya sheria hiyo, sisi tulikwisha fundishwa kuandika madeni na kutunza amana. Basi nenosiri lisihifadhiwe wazi, bali lisagwe kwa njia iliyomo ndani ya PHP yenyewe, na orodha isiachwe mahali ambapo kila mwenye kiungo anaweza kuifungua.

Tulimaliza karibu na saa sita usiku. Binti alirekebisha amri zake, akazibadilisha safu za simu, kisha akaingiza majina upya, bibi akimsomea kutoka kwenye daftari la karatasi. Kompyuta ikasema 43. Bibi hakuridhika na hesabu tu. Aliomba asomewe majina yote, moja baada ya jingine, akiweka alama ya wino kwa kila mmoja.

Asubuhi Sa'ad na Rabi'a walipata sare zao kama wenzao, wala hawakujua lolote. Mpwa wangu ameniambia kwamba tangu siku hiyo kila mwezi huketi na bibi kulinganisha madaftari mawili, la karatasi na la kompyuta. Kwa wazazi wenye vijana wanaojifunza kazi hii, nasihi yangu ni kuwapa kazi ya kweli ya kufanya, na kuwawekea kando yao mtu anayewajua watu kwa majina.