Mbuzi Aliyakuta Tu

Ukikaa Chicago hata kidogo, lazima utasimuliwa habari za mbuzi. Mimi nilisimuliwa na mzee niliyefanya naye kazi ya usiku, shabiki wa Cubs tangu utotoni. Mwaka 1945, timu yake ikiwa fainali ya besiboli ya Marekani, mwenye baa aitwaye Billy Sianis alifika uwanja wa Wrigley Field na mbuzi wake. Wakatolewa kwa kuwa mbuzi ananuka, naye Sianis akaapiza kwamba Cubs hawatashinda tena. Laana hiyo iliaminiwa kiasi kwamba mwaka 2008 aliletwa kasisi wa Kiorthodoksi kunyunyizia maji ya baraka kwenye benchi la wachezaji. Timu ikafungwa mechi tatu mfululizo, ikatolewa.

Sisi tuliokulia kwenye ushabiki wa Simba na Yanga tunazijua imani za namna hiyo, lakini hii naikataa. Cubs walikuwa hawajachukua ubingwa tangu 1908. Kabla ya mbuzi huyo walikwisha kuingia fainali nyingine sita, wakapoteza zote. Mbuzi aliyakuta tu.

Kilichowainua ni kazi. Oktoba 2011 walimwajiri Theo Epstein, ambaye Boston Red Sox ilichukua ubingwa wa 2004 chini ya usimamizi wake, baada ya miaka 86. Akaanza kukusanya vijana. Mwaka 2012 timu ikapoteza mechi 101, na mashabiki wakavumilia. Mwaka 2016 ikashinda 103.

Fainali ikawa dhidi ya Cleveland, nao wakiwa na kiu ya tangu 1948. Bingwa ni atakayetangulia kushinda mechi nne. Cubs walikuwa nyuma 3–1, wakasawazisha. Mechi ya saba, tarehe 2 Novemba, walikuwa mbele 6–3 mpaka awamu ya nane. Hapo Cleveland wakapata moja, kisha Rajai Davis akauchapa mpira wa Aroldis Chapman ukavuka ukuta: 6–6. Awamu tisa zikaisha sare. Mvua ikasimamisha mchezo dakika 17, na Jason Heyward wa Cubs, ambaye gongo lake lilikuwa limemgomea msimu mzima, akawakusanya wenzake chemba kuwatia moyo.

Waliporudi likatokea jambo ambalo mgeni wa besiboli huenda asilione. Kyle Schwarber alipiga akafika kituo cha kwanza, na Albert Almora akaingizwa kukimbia badala yake. Kris Bryant akaupaisha mpira mbali, ukadakwa. Mpira ukidakwa, mpigaji ametoka. Lakini aliyeko kituoni anaruhusiwa kukimbia mara tu unapoingia mikononi mwa mdakaji. Akiondoka kabla, anaweza kutolewa. Almora hakuwa na papara. Aliubakiza mguu kituoni, akausubiri mpira udakwe, ndipo akachomoka hadi kituo cha pili. Kwangu mimi ubingwa ulipatikana katika mbio hizo. Ben Zobrist alipoupiga mpira ukaambaa na mstari wa kushoto, Almora akafika nyumbani: 7–6. Miguel Montero akaleta ya nane, Cleveland wakapata moja tu, na miaka 108 ikaisha.

Almora huyo ndiye kijana wa kwanza kabisa ambaye uongozi wa Epstein ulimchagua kwenye usajili wa chipukizi, Juni 2012, katikati ya msimu ule wa vipigo 101.