Kimya cha wakili humpotezea mteja haki

Kuuliza si ujinga, walinena wahenga. Inasikitisha basi kuona kwamba raia aliyeuza mbuzi ili apate ada ya wakili huuliza habari za kesi yake mwezi baada ya mwezi asijibiwe. Akipiga simu, karani humwambia wakili yuko kortini. Akifunga safari kutoka kijijini hadi mjini, huketi kwenye benchi mpaka jioni, kisha huambiwa arudi wiki ijayo.

Yamkini wakili huyo hana nia mbaya. Huenda siku hiyo ana kesi tatu katika mahakama mbalimbali, na hana jipya la kusema ila kwamba kesi imeahirishwa. Lakini hilo nalo ni habari. Mteja asiyeambiwa hudhani ameuzwa, na imani ikishavunjika ni vigumu kuirejesha.

Fauka ya hayo, sheria huhesabu siku. Mtu aliyejeruhiwa kwa uzembe wa dereva ana miaka 3 ya kwenda mahakamani kudai fidia. Iwapo anayeshtakiwa ni serikali, muda huo ni miezi 12 tu. Wakili akikosa kumwarifu mteja kwamba ripoti ya polisi au stakabadhi za hospitali zinahitajika, mlango wa haki waweza kufungwa ilhali mwenyewe yu nyumbani akiamini kuwa kesi yake inaendelea.

Tatizo jingine ni lugha. Kwa mujibu wa sheria ya kesi za madai, lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ni Kiingereza, nazo mahakama za chini zaweza kutumia Kiingereza au Kiswahili. Hivyo wengi husikiliza kesi zao wenyewe kama wageni. Ni wajibu wa wakili kumfafanulia mteja, kwa lugha anayoielewa, yaliyosemwa na hakimu au jaji. Walimu wanalifahamu jambo hili vyema: somo halijafundishwa mpaka mwanafunzi aelewe.

Dawa yenyewe si ghali. Siku ya kwanza wakili na mteja waandikiane kiasi cha ada na kazi itakayofanywa. Kila kikao kikiisha, ujumbe mfupi wa simu watosha: yaliyotokea, tarehe ijayo na kinachotakikana. Fidia ikilipwa, mteja ajulishwe mara moja, maadamu kanuni za mawakili huwataka kuzitenga fedha za wateja na zao wenyewe.

Wateja nao wana wajibu. Wasimfiche wakili ukweli, wapeleke stakabadhi mapema, wadai risiti, na wakibadilisha nambari ya simu wamwarifu. Anayepuuzwa aandike barua na kuhifadhi nakala. Asipojibiwa, aipeleke kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, ambayo imekuwapo tangu 1989 kwa ajili ya shida kama hizi.

Kwa wanafunzi mnaotamani kuvaa joho la uwakili, tieni jambo hili akilini mapema. Ufasaha mbele ya jaji hupendeza, lakini aliyeuza mbuzi wake angali kwenye benchi, naye anangoja jibu.