Randa ya kuvuta, chuma cha springi ya lori

Ukimwambia fundi seremala wa Tunduma, mpakani na Zambia, kwamba kuna nchi ambako randa huvutwa, haisukumwi, kwanza ataacha kazi. Ataigeuza randa yake ya chuma, ataielekeza kifuani na kuivuta hewani mara mbili tatu. Mmoja wa mtaa wa Majengo alifanya hivyo mbele yangu, kisha akauliza: "Sasa mwandishi, nguvu inatoka wapi?"

Inatoka mgongoni na miguuni, kama ya mtu anayevuta kamba ya kisima. Nchi hiyo ni Japani na randa yenyewe huko huitwa kanna. Ni gogo la mti mgumu, urefu wake hata futi moja haufiki, na ndani yake pamepachikwa kipande kimoja cha chuma kwa mshazari. Haina mpini wala skrubu. Haina hata kabari, maana chuma chenyewe ndiyo kabari: juu kinene, chini chembamba, na hujikaza chenyewe kinapogongwa. Nimeitengeneza moja uani kwangu kwa Jumamosi nyingi, na sijaona zana inayomfaa zaidi kijana wa mpakani aliyemaliza mafunzo ya useremala akiwa na ujuzi mikononi na mfuko mtupu.

Nasema hivyo kwa sababu vitu viwili vinavyohitajika vimezagaa hapa kwetu. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo yanapita mjini usiku na mchana, na mizigo yake huvunja springi. Vile vyuma bapa vilivyopinda hurundikwa nje ya magereji yaliyo kando ya barabara kuu, hadi wanunuzi wa vyuma chakavu waje kuvipima kwa kilo. Upande wa pili kuna karakana za samani. Fundi akikata mguu wa kitanda cha mninga, kile kipande kinachobaki, kizito, chekundu, kilichokauka vizuri, huishia chini ya sufuria ya mama lishe. Mti uliosimama miaka mingi kwenye misitu ya miombo ya Momba au wilaya ya Songwe unachemsha maharage ya siku moja. Hilo huniuma kila nikipita.

Kijana yule asiye na randa hufanya nini? Hubeba mbao zake hadi kwenye mashine, hulipia, husubiri umeme ukikatika, kisha hurudi na mbao yenye mawimbi madogo yaliyoachwa na visu vinavyozunguka. Hapo huanza kusugua kwa msasa. Msasa hukwaruza, na mikwaruzo mingi midogo ndiyo tunayoiita ulaini. Chuma kilichonolewa sawasawa hukata nyuzi za mti zikabaki wazi, na mbao hung'aa kabla haijaonja vanishi. Wajapani wamelifanya jambo hili kuwa mashindano. Tangu mwaka 1997 wapo mafundi wanaokutana kushindana nani atatoa maranda membamba zaidi, na walio hodari hushuka chini ya mikroni 10. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70.

Hata wao hawakuzaliwa na randa. Hekalu la Horyuji huko Nara, lenye majengo ya mbao yaliyo miongoni mwa makongwe zaidi duniani, limesimama kwa takriban miaka 1,300, na waliolijenga walichonga kwa tezo, wakalainisha kwa kisu chenye umbo la ncha ya mkuki. Tezo tunaijua sisi; mitumbwi na majahazi ya pwani yametoka humo. Randa ya gogo iliingia Japani kutoka bara la Asia karne ya 15 au 16, ikiwa ya kusukuma, na mafundi wa huko wakaigeuza iwe ya kuvuta. Hata neno letu "randa" limevuka bahari: Waajemi na Wahindi wanalo, kwa zana hiyo hiyo. Zana husafiri, na kila inapofika hugeuzwa kidogo na mikono ya wenyeji.

Chuma cha kanna kina siri moja inayonigusa nikiwa mtu wa mkoa wa Songwe. Si chuma kimoja, ni viwili vilivyounganishwa motoni. Tabaka jembamba ni feleji ngumu, hiyo ndiyo inayokata. Tabaka nene la mgongoni ni chuma laini, kinachobeba ile feleji isivunjike na kinacholika upesi kwenye kinoo. Serikali ya Japani ilipopiga marufuku kubeba panga hadharani mwaka 1876, wahunzi wengi wa panga walibaki bila kazi na wakageukia zana za useremala. Chiyozuru Korehide, aliyezaliwa mwaka 1874 katika ukoo wa wahunzi wa panga na kufariki mwaka 1957, ndiye anayetajwa kuliko wote. Na hicho chuma laini wahunzi hao walikitoa wapi? Walipenda minyororo ya nanga za meli zilizochakaa na vyuma vya madaraja ya kale. Vyuma chakavu, kama hivi vyetu.

Chuma laini kilifuliwa hapa kabla babu zetu hawajaona lori. Wanyiha wa Mbozi na jirani zao Wafipa walijenga tanuri ndefu za udongo, zilizopita kimo cha mtu, zikavuta hewa zenyewe bila mivukuto. Wafipa waliziita malungu. Kilichotoka humo kilisafishwa kwenye tanuri ndogo yenye mivukuto, kikafuliwa majembe na mashoka. Majembe ya madukani yaliyoletwa na wakoloni ndiyo yaliyozima moto huo. Leo mgeni akifika Mbozi hupelekwa Ndolezi kuona kimondo, lile bonge linalokadiriwa kuwa na tani 16, ambalo takriban asilimia 90 ni chuma na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli. Ni vizuri akione, na asikiguse, maana ni urithi unaolindwa. Lakini natamani aonyeshwe pia mahali walipokaa wahunzi.

Turudi uani. Kazi huanza na chuma, kwa sababu gogo huchongwa likifuate chuma, na ukianza na gogo utaharibu mbao mbili. Nilinunua kipande cha springi chenye unene wa kama milimita 10, nikakiweka kwenye mkaa hadi kikawa chekundu chote, kisha nikakifukia kwenye majivu hadi asubuhi. Chuma kilichopoa polepole hivyo hukubali tupa. Nikakinyoosha, nikakikata upana wa inchi mbili na nusu, nikakipunguza kwa grainda na tupa hadi juu kikabaki na unene wake na kwenye makali kikafika milimita sita. Vaa miwani, cheche za springi haziombi ruhusa. Upande bapa wa chuma nilichimba kidogo katikati, kijishimo kisichozidi unene wa kadi ya simu, ili kwenye kinoo paguse kingo tu na chuma kikae sawa upesi.

Kukipa ugumu ndiko kulikonitia adabu. Mara ya kwanza nilikitosa kwenye maji na nikasikia mlio kama wa glasi. Ufa ulikuwa umekwenda moja kwa moja kwenye makali. Springi za magari hutaka mafuta, kwa kuwa maji huzipoza kwa pupa. Kipande cha pili nilikipasha hadi sumaku iliyotoka kwenye spika mbovu ikaacha kukivuta, nikasubiri kidogo, nikakizamisha kwenye mafuta yaliyochoka niliyopewa na muuza chipsi, nikiwa nimeyapasha kidogo. Tupa ikateleza juu yake. Basi kimekuwa kigumu. Ila ugumu huo mtupu humeguka. Nikakisugua kikang'aa, nikakilaza kwenye mchanga ndani ya kikaangio cha zamani juu ya jiko la mkaa, nikakaa nikikitazama. Rangi huanza kutembea juu ya chuma, hafifu, hadi ikafanana na majani makavu. Hapo hapo nikakitoa. Ukichelewa, rangi inakuwa ya zambarau na buluu, na makali yako yatapinda kama ya kisu cha kitunguu.

Hiki cha springi hakina tabaka mbili. Kuunganisha feleji na chuma laini motoni ni kazi ya mhunzi aliyekomaa, na ningependa sana kumwona mmoja wa kwetu akiijaribu kwa tupa kuukuu na nondo ya zamani. Kwa kuanzia, chuma cha tabaka moja kinatosha. Wala bamba la pili si lazima: kanna za kale zenyewe zilikuwa na bamba moja tu, lile la kukatia. Lile la pili, la kuzuia mbao isichanike, limekuja baadaye sana.

Jambo moja nalisema bila kuzunguka. Vyuma vya reli ya TAZARA si malighafi ya mtu. Misumari ya reli haifai hata kwa makali, maana ni laini mno, na anayeing'oa anaweka roho za watu rehani. Hali kadhalika mbao: nunua vipande vya mninga au mkola kwenye karakana inayopata mbao zenye vibali vya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Mkurungu nao ni mgumu na mzuri, lakini magogo yake yamesafirishwa kupita kiasi, ya kwetu na ya Zambia wanakouita mukula, hadi mwaka 2019 ukawekwa chini ya udhibiti wa biashara wa kimataifa.

Japani hutumia mwaloni mweupe wa kwao. Mimi nilichagua mninga kwa sababu ni mtulivu: ukishakauka haunywei wala kuvimba sana, na hapa mvua za Novemba hadi Aprili na upepo mkavu wa Julai huvijaribu vyote vya mbao. Gogo langu lina urefu wa inchi 11, upana wa inchi tatu na nusu, unene wa inchi moja na nusu. Upande uliokuwa karibu na gome nikauelekeza chini. Mdomo haukai katikati. Husogea nyuma kidogo, ili sehemu ndefu ya gogo itangulie mbele ya makali.

Mshazari hauhitaji kifaa cha kupimia nyuzi. Mafundi wa Japani hupima kwa mwendo na kimo: kwenda 10, panda nane. Hiyo inakaribia nyuzi 39 na inafaa mbao laini kama paini za Sao Hill. Kwa mninga wenye nyuzi zinazopishana, kwenda 10, panda 10. Nilichagua hiyo ya pili, nikachora kwa wembe, si kwa penseli, nikaanza kuchimba kwa patasi kutoka juu, kisha kutoka chini, hadi pande mbili zikakutana.

Kisha vijia viwili vya pembeni vinavyoshika chuma, na hapa haraka haina nafasi. Nilishika chuma juu ya kibatari kikapata masizi, nikakiingiza polepole kwa nyundo, nikakitoa. Palipoguswa palikuwa na doa jeusi. Nikaondoa doa kwa patasi, uzito wa vumbi tu, nikarudia. Jumamosi mbili zilikwisha kwa masizi. Unatafuta chuma kilale chote kwenye mgongo wake na kibanwe na vijia kwa juu, lakini pembeni kibaki na nafasi ya unywele, kwa sababu gogo likinywea wakati wa kiangazi litapasuliwa na chuma kisichokuwa na pa kwenda.

Uso wa chini nao haupaswi kuwa bapa wote, na hili lilinishangaza kuliko yote. Unaacha mahali pawili paguse mbao: ncha ya mbele, na mstari mwembamba unaotangulia mdomo. Katikati yake unaparuza kiasi cha unene wa karatasi, na nyuma ya mdomo vilevile. Weka rula, elekeza kwenye dirisha, tazama mwanga unavyopita. Baada ya mvua kubwa utaurekebisha tena. Randa ya mbao ni kitu kinachopumua.

Kunoa nilitumia jiwe la dukani, nikamalizia na msasa wa maji namba 1000 na 2000 uliolazwa juu ya kioo. Makali yakinyoa malaika ya mkono yako tayari. Kushusha chuma, gonga kichwa chake; kukipandisha, gonga pembe za nyuma za gogo, kulia na kushoto kwa zamu. Nyundo ndogo ndiyo skrubu yake.

Yule fundi wa Majengo nilimwita siku randa ilipokuwa tayari. Nilikuwa nimeegemeza ubao wa paini kwenye ukuta. Alisimama, akaweka mguu mmoja nyuma, akashika gogo kwa mikono miwili, akavuta. Mara ya kwanza lilikwama. Nikapandisha chuma kidogo. Mara ya pili ukatoka utepe mmoja mrefu wa maranda, upana wote wa chuma, ukamdondokea miguuni ukiwa haujakatika. Aliuokota, akauelekeza juani, akaona vidole vyake upande wa pili. Akapitisha kiganja kwenye ubao bila kusema neno, kisha akavuta tena, na tena, hadi maranda yakafunika viatu vyake.

Jumamosi iliyofuata alirudi na kipande cha springi ndani ya mfuko wa salfeti. Alitaka kujua kama yale mafuta ya chipsi bado yapo.